Je, ukatili katika picha za ngono hubadili fikra za mwanamume? Hotuba iliyotolewa Mtwara katika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu wa dini, wazee wa jando na manyakanga wa unyago mliotoka Newala, Tandahimba na Nachingwea, walimu, maafisa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, wanafunzi, na ndugu zangu nyote wa Mtwara na Lindi: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa mada ambayo watu wa rika tofauti hawaizungumzi wakiwa wamekaa pamoja, achilia mbali mbele ya wakwe. Nawaomba radhi mapema wazee wangu na mama zangu. Nitatunza staha kadiri mada inavyoruhusu, lakini sitazunguka mno, kwa sababu vijana wetu wanavitazama vitu hivi iwe sisi tunavizungumza au hatuvizungumzi. Swali lenyewe ni hili: mwanamume anapotazama picha za ngono ambamo mwanamke anapigwa, anakabwa au analazimishwa, je, fikra zake kuhusu wanawake anaoishi nao, yaani mkewe, mwanafunzi mwenzake au dada anayemuuzia mihogo, zinabadilika? Jibu langu fupi ni kwamba zinabadilika, ila kidogo kwa wengi na sana kwa wachache, na kinachoamua nani aingie katika hao wachache ni yale aliyokuwa nayo moyoni kabla hajawasha simu. Jibu refu ndiyo kazi ya asubuhi hii.

Naomba kwanza tutenganishe mambo ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Kuna picha za utupu tu. Kuna picha za ngono ambazo wahusika wanaonekana kuridhiana. Na kuna picha za ngono zenye ukatili ndani yake. Watafiti wamezichunguza kila aina kwa nafasi yake, na matokeo hayafanani. Vilevile kuna tofauti kati ya fikra na vitendo. Mtu anaweza kuamini kwamba mwanamke aliyebakwa alijitakia, na asibake maisha yake yote. Hata hivyo mtu huyo huyo anaweza kuwa ndiye baba, mjumbe, mwalimu wa zamu au askari wa zamu ambaye binti anakwenda kumweleza yaliyompata. Nitarudi hapo, kwa kuwa naona ndipo penye uzito kwetu kuliko mahali pengine popote.

Namna picha hizi zinavyotufikia mnaijua. Zamani mkanda wa X ulihitaji deki, televisheni, jenereta na mlango wa kufungwa kwa ndani, kwa hiyo aliyeutazama alikuwa mtu mzima mwenye hela zake, au rafiki wa mtu huyo. Leo pita karibu na stendi au soko lolote, kuanzia Masasi hadi Nangurukuru, utamkuta kijana amekaa kwenye kibanda chenye spika mbili na kompyuta moja, anarusha nyimbo na muvi kwenye memori kadi za wateja. Nilisimama kwenye kibanda kimojawapo msimu wa korosho, wakati fedha za mnada zimeshaingia na simu mpya zinanunuliwa hadi vijijini. Mteja, kijana wa umri wa kidato cha pili hivi, alitaja singeli, akataja muvi za kutafsiriwa, kisha akanyamaza kidogo. Mwenye kibanda hakuuliza neno; alifungua folda iliyopewa jina la somo la shule, akaihamisha yote ikaingia kwenye kadi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechagua picha moja moja. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kumfikiria mtazamaji kama mtu aliyekwenda kuutafuta ukatili, ilhali mara nyingi ukatili umemjia ndani ya furushi alilopewa kwa jumla, na makundi ya WhatsApp na Telegram yanayosambaza hizo video za ngono zinazoitwa konekisheni nayo hayamwulizi mtu anataka ya namna gani.

Ndani ya furushi hilo mna nini? Mwaka 2010 mtafiti Ana Bridges na wenzake walichapisha uchambuzi wa matukio 304 kutoka kwenye video za ngono zilizokuwa zikiuzwa na kukodishwa zaidi Marekani. Waliona vitendo vya kuumiza mwili, kuanzia makofi hadi kukaba, katika asilimia 88 ya matukio hayo, na waliofanyiwa walikuwa wanawake kwa asilimia 94. Miaka kumi baadaye, Niki Fritz na wenzake walichambua matukio zaidi ya 4,000 kutoka tovuti mbili kubwa za bure, wakapata asilimia 45 katika moja na asilimia 35 katika nyingine, na walioumizwa walikuwa wanawake kwa asilimia 97. Tofauti hii ya tarakimu isiwashangaze. Inategemea kipi kimehesabiwa kuwa ukatili na video zimetolewa wapi, na mimi binafsi naona hesabu ya kwanza ilitupa wavu mpana mno, maana iliweka kofi jepesi la mchezo na ukabaji wa shingo katika fungu moja. Kuna jambo moja ambalo tafiti zote mbili zinakubaliana, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko asilimia zote: karibu kila mara, mwanamke anayeumizwa anaonyeshwa ama akiwa hana habari, ama akifurahia. Katika utafiti wa 2010 hali hiyo ilionekana kwa asilimia 95 ya walioumizwa. Hasemi hapana, halii, hakimbii. Shikeni jambo hilo.

Historia ya utafiti wenyewe nitaipitia haraka. Mwaka 1970 tume iliyoundwa kwa ajili ya rais wa Marekani ilitoa taarifa kwamba haikupata ushahidi wa maana wa kuonyesha kuwa picha za ngono zinasababisha uhalifu. Rais Nixon aliikataa taarifa hiyo, na Baraza la Seneti likaikataa kwa kura 60 dhidi ya 5. Denmark nayo ilikuwa imeondoa marufuku, kwanza ya maandishi mwaka 1967, kisha ya picha mwaka 1969, na mtaalamu wa huko Berl Kutchinsky alionyesha kwamba baadhi ya makosa ya kingono yaliyoripotiwa polisi yalipungua badala ya kuongezeka, ingawa ubakaji haukupungua. Mwaka 1986 tume nyingine ya Marekani, iliyofahamika kwa jina la Mwanasheria Mkuu Edwin Meese, ilisema kinyume: kwamba picha za ngono zenye ukatili zina mchango katika ukatili dhidi ya wanawake. Baadhi ya watafiti ambao kazi zao zilitumiwa na tume hiyo, Edward Donnerstein akiwa mmoja wao, walilalamika kwamba majaribio yao yametwishwa mzigo yasiyoweza kuubeba. Ukiona tume mbili za nchi moja zinapingana kiasi hicho ndani ya miaka 16, ujue siasa imekalia kiti cha sayansi. Ni kweli pia kwamba katikati ya miaka hiyo kulikuwa na jambo jipya, kwa sababu tume ya kwanza ilikuwa haikuuchunguza ukatili kwa undani.

Sasa tuingie kwenye majaribio yenyewe, na nitakaa hapa kwa muda.

Mwaka 1980 Donnerstein, akiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi wa kiume 120. Kila mmoja aliambiwa kwamba anashiriki somo la mambo mengine kabisa, akakutanishwa na mtu, mwanamume au mwanamke, ambaye kwa siri alikuwa msaidizi wa mtafiti. Baadhi yao waliudhiwa makusudi na msaidizi huyo, wengine walitendewa kawaida tu. Kisha kila mmoja alionyeshwa filamu fupi: wengine mazungumzo ya kawaida tu, wengine tendo la ngono la kuridhiana, wengine tendo la kulazimisha. Mwishoni alipewa nafasi ya kumpiga yule msaidizi shoti ya umeme na kuchagua mwenyewe iwe kali kiasi gani. Shoti yenyewe haikumfikia mtu, lakini mchaguzi hakulijua hilo. Walioonyeshwa filamu ya kulazimisha walichagua shoti kali zaidi, na ukali huo uliwaelekea wanawake. Mwaka uliofuata, yeye na Leonard Berkowitz waliongeza swali jingine: je, mwisho wa filamu una tofauti? Walitumia tendo lile lile la kulazimisha, lakini katika toleo moja mwanamke anaishia kutabasamu, na katika jingine anaishia katika maumivu. Kwa wanaume waliokuwa na hasira tayari, matoleo yote mawili yaliongeza ukali dhidi ya mwanamke. Kwa wanaume ambao hawakuudhiwa na mtu yeyote, lililoongeza ukali lilikuwa lile toleo la tabasamu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba kubonyeza kitufe ndani ya chumba cha chuo kuna uhusiano gani na mwanamume anayempiga mkewe Mikindani. Ni swali zuri, na watafiti wenyewe walijiuliza. Ndiyo maana nalithamini zaidi jaribio la Neil Malamuth na James Check, lililochapishwa mwaka 1981, kwa kuwa lilitoka nje ya maabara. Wanafunzi 271 wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wanaume kwa wanawake, walipelekwa kutazama filamu kwenye ukumbi wa sinema wa chuo, wamekaa na watazamaji wengine wa kawaida. Hazikuwa picha za ngono. Zilikuwa filamu zilizokwisha kuonyeshwa hadharani. Kundi moja lilitazama filamu ambazo mwanamke anatendewa ukatili kisha hadithi inauonyesha ukatili huo kama jambo lililomvuta ampende aliyemtendea, na kundi la pili lilitazama filamu zisizo na jambo hilo. Siku chache baadaye, darasani, walijaza dodoso refu la mambo mengi, wala hawakuambiwa kwamba lina uhusiano na sinema. Wanaume waliotazama filamu za kundi la kwanza walikubali zaidi kwamba ukatili dhidi ya wanawake unaweza kuwa na haki yake. Wanawake waliotazama filamu hizo hizo walielekea upande wa pili: waliuchukia ukatili zaidi, kwa kiasi kidogo.

Hapo niseme neno kuhusu mabanda yetu ya video. Tumezoea kukagua kama kibanda kinaonyesha X, na kikikutwa hakionyeshi, tunaondoka tumeridhika. Lakini nendeni mkakae jioni moja kwenye benchi mle ndani, muvi ya kigeni inaonyeshwa na sauti ya mtafsiri imewekwa juu yake. Mwanamke akizabwa kofi, mtafsiri anatia utani wake, banda zima linacheka. Dakika ishirini mbele mwanamke huyo yuko kifuani mwa aliyemzaba. Hakuna aliyevua nguo. Kwa mujibu wa jaribio la Manitoba, hicho nacho ni chakula cha fikra zile zile, na hakuna mgambo atakayekikamata. Donnerstein, Daniel Linz na Steven Penrod walifika karibu na hapo hapo mwaka 1984, walipowaonyesha wanaume filamu tano zenye kuwaua na kuwaumiza wanawake, moja kila siku. Siku ya kwanza watazamaji walishtuka. Siku ya tano mshtuko ulikuwa umepungua, na wengine walianza kuziona filamu hizo kuwa za kufurahisha. Baadaye walipotazama kesi ya ubakaji iliyoigizwa mahakamani, walimhurumia mlalamikaji kidogo kuliko wenzao ambao hawakuziona filamu hizo.

Fikra hizo hupimwaje? Kipimo kilichotumika sana kilitengenezwa na Martha Burt, aliyechapisha mwaka 1980 matokeo ya kuwahoji watu wazima 598 wa jimbo la Minnesota. Aliwasomea kauli, akawauliza wanakubali au wanakataa: kwamba mwanamke akienda nyumbani kwa mwanamume siku ya kwanza waliyotoka pamoja, maana yake amekubali kulala naye; kwamba mwanamke mwenye afya akitaka kweli anaweza kumzuia mbakaji. Burt aligundua kwamba anayekubali kauli hizi huwa pia anaamini kuwa mwanamume na mwanamke ni mahasimu wa kuviziana, na kwamba nguvu ni njia halali ya kumaliza ugomvi baina yao. Hizi ni fikra za watu wa kawaida kabisa, wengi wao hawajawahi kufikishwa polisi.

Na kwetu hali si ngeni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwauliza Watanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya tano, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, au kukataa tendo la ndoa. Asilimia 40 ya wanaume walisema anayo. Wanawake waliosema hivyo walikuwa asilimia 58. Katika utafiti huo huo asilimia 17 ya wanawake walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Asilimia 58 hiyo haikutoka kwenye simu. Mama aliyejibu hivyo Liwale au Nanyumbu huenda hajawahi kuona picha ya ngono hata moja. Kwa hiyo anayekuja kutuambia kwamba mtandao ndio ulioleta dharau kwa wanawake Kusini hatusaidii, kwa sababu anatuondolea kazi ya kutazama tuliyoyakuta na kuyarithi.

Tuseme sasa kuhusu tafiti za kuwahoji watu waishivyo, bila kuwaonyesha kitu. Kwa muda mrefu zilionekana kupingana na majaribio. Mike Allen na wenzake walipokusanya tafiti zilizokuwapo hadi mwaka 1995, waliona kwamba majaribio yanaonyesha ongezeko la imani potofu kuhusu ubakaji, na picha zenye ukatili zikiongoza, lakini mahojiano yalikuwa karibu hayaonyeshi kitu. Mwaka 2010 Gert Martin Hald, Malamuth na Carlin Yuen walizirudia hesabu za mahojiano kwa vigezo vikali zaidi, tafiti tisa zenye wanaume 2,309, wakapata kwamba uhusiano upo: 0.24 kwa picha zenye ukatili na 0.13 kwa zisizo na ukatili, katika kipimo ambacho sifuri ni hakuna uhusiano na moja ni uhusiano kamili. Wasiozoea takwimu wapokee hivi: ukijua mwanamume anatazama picha za ngono za kikatili kiasi gani, umeeleza takriban asilimia 6 ya tofauti iliyopo kati ya wanaume katika kuukubali ukatili dhidi ya wanawake. Asilimia 94 iliyobaki iko kwenye malezi, pombe, marafiki, aliyoyaona baba akimfanyia mama, na mengine mengi. Asilimia 6 si kitu cha kudharau katika mambo ya binadamu. Lakini asiye na subira huisoma kama mia.

Tena mahojiano hayasemi kipi kilitangulia. Huenda picha zilimbadilisha mtu. Huenda pia mtu aliyekwisha kuwachukia wanawake ndiye anayezitafuta picha hizo. Christopher Ferguson na Richard Hartley wamekuwa wakilisisitiza hili kwa miaka mingi, wakiongeza kwamba Marekani ubakaji ulipungua katika miaka ile ile ambayo picha za ngono zilifurika kwenye intaneti. Taylor Kohut na wenzake mwaka 2016, wakitumia takwimu za kitaifa za Marekani, walikuta kwamba watazamaji wa picha za ngono kwa jumla walikuwa na msimamo wa usawa zaidi kuhusu wanawake kazini na katika uongozi kuliko wasiotazama. Hizo ni picha za ngono kwa jumla, si za kikatili, na nadhani jibu lake ni kwamba huko wasiotazama wengi ni wahafidhina wa dini. Hata hivyo ni lazima niyataje mbele yenu, kwa kuwa mzungumzaji anayeleta ushahidi wa upande mmoja anawadanganya hata kama kila alichosema ni kweli.

Mtu aliyenisaidia zaidi kuuelewa mgongano huu ni Malamuth mwenyewe, ambaye baada ya Manitoba aliutumia umri wake kuuliza swali tofauti: mwanamume yupi? Katika kazi aliyoifanya na Hald na Mary Koss, iliyochapishwa mwaka 2012, walitazama majibu ya wanaume wengi. Kwa wanaume ambao hawakuwa na uhasama na wanawake, wala hawakuwa na desturi ya kuifanya ngono kuwa mashindano, kutazama picha za ngono hakukuhusiana na kuukubali ukatili. Kwa wale waliokuwa na mambo hayo mawili, uhusiano ulikuwa wazi, na picha za kikatili zilikuwa na nguvu zaidi. Hald na Malamuth walilipima jambo hilo kwa jaribio huko Denmark, kwa watu wazima 200, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: picha ziliongeza fikra za kuukubali ukatili kwa wanaume ambao kwa tabia zao za kila siku walikuwa wakorofi na wasiojali wenzao, kwa wengine hapana. Picha hizi, kwa lugha ya nyumbani, ni petroli, na petroli ikimwagika kwenye mchanga mtupu haifanyi kama inavyofanya ikimwagika jikoni.

Sasa narudi kwa yule anayesikiliza shauri. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Sheria ni kali. Ila ninyi askari wa dawati na maafisa ustawi mnajua vizuri kuliko mimi ni mashauri mangapi hayafiki huko, yanaishia kwenye kikao cha familia, kwa fidia na kupeana mikono. Katika kikao hicho hakuna daktari wala mwendesha mashtaka. Kuna wajomba, baba wadogo, pengine mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja anaipima hadithi ya binti kwa mizani aliyo nayo kichwani: alikwenda mwenyewe? alipiga kelele? alikuwa amevaaje? Kama mizani hiyo imeundwa kwa miaka na picha ambamo mwanamke anayelazimishwa huishia kutabasamu, binti asiyekuwa na michubuko ameshashindwa kabla hajafungua mdomo. Hakuna mbakaji hata mmoja aliyeongezeka kwa sababu ya wajomba hao, na takwimu za uhalifu hazitawaonyesha. Lakini madhara yapo, na ndiyo aina ya madhara ambayo majaribio haya, pamoja na kasoro zake, yameyaonyesha kwa uthabiti zaidi kuliko mengine: kupungua kwa huruma na kuongezeka kwa visingizio.

Liko jambo moja la faraja katika tafiti hizi, nalo limesahauliwa sana. Watafiti waliowaonyesha au kuwasomesha watu habari za ubakaji walilazimika, kwa maadili ya kazi, kukaa nao baadaye na kuwaeleza kwamba hadithi ile ni ya kutunga, kwamba hakuna mwanamke anayefurahia kulazimishwa, na kwamba ubakaji huacha majeraha makubwa. Check na Malamuth walitaka kujua kama maelezo hayo yanasaidia kitu. Siku kadhaa baadaye waliwapima washiriki kwa njia ambayo haikuwafanya wakumbuke jaribio, wakakuta kwamba waliopewa maelezo walikuwa na imani potofu chache kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa ubakaji wowote. Mazungumzo yalifuta doa, kisha yakasafisha na sehemu ya nguo iliyokuwa chafu tangu zamani. Yalikuwa mazungumzo mafupi, ya moja kwa moja, ya mtu mwenye ujuzi anayemweleza kijana ukweli bila kumtukana.

Wazee wangu wa jando, mnaona ninakoelekea. Mikoa hii miwili ina kitu ambacho Wisconsin haikuwa nacho: mahali ambapo vijana wa kiume huketishwa na watu wazima wanaoheshimika, wakafundishwa mambo ya mwili, ya nyumba na ya mke, na mafunzo hayo yakakumbukwa hadi uzeeni. Najua yapo malalamiko kuhusu yanayofundishwa humo, hasa kwa watoto wadogo, na mengine nayaunga mkono. Lakini sidhani kama kuna semina ya hoteli itakayoufikia moyo wa kijana wa Kitangari kama sauti ya mzee aliyemfundisha. Simu ilishampa mafunzo kabla yenu. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwambia kwamba alichokiona kimeigizwa kwa malipo, kwamba tabasamu lile liliamriwa na mpiga picha, na kwamba mwanamke aliyenyamaza kwa hofu hajakubali. Manyakanga nao wana la kusema upande wao, maana msichana anayefundishwa kuvumilia kila kitu anafundishwa hadithi ile ile kutoka mlango mwingine.

Namalizia na utafiti tunaokusudia kuufanya hapa kwetu. Majaribio ya namna ya Wisconsin hayatafanyika Mtwara wala Lindi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya kompyuta, na hata kama isingekataza, mimi nisingekubali kumwonyesha kijana wa mtu kitu hicho ili nimpime. Tutauliza tu, baada ya kupata vibali, na tutawauliza walio na umri wa miaka 18 na kuendelea, wanaume na wanawake, kila mtu akijaza peke yake mbali na nyumbani kwake. Karatasi ya fikra itajazwa kwanza na kukusanywa. Karatasi ya anachotazama itafuata siku nyingine, ili moja isiichafue nyingine. Shida iliyobaki ni kauli zenyewe. Zile za Minnesota zinazungumzia miadi ya jioni na nyumba za kupanga za mjini, na hazitapima chochote Mahuta. Nimeandika mbadala, kwa mfano kwamba msichana anayekubali lifti ya bodaboda usiku bila kulipa nauli ameshajua atalipa kwa kitu gani, au kwamba aliyekwenda ngomani bila ndugu hana wa kumlaumu. Rasimu ziko mezani pale mlangoni pamoja na kalamu. Wakati wa chai naomba wazee na manyakanga mzisome kabla ya mtu mwingine yeyote, mfute kauli ambazo hakuna mtu wa huku angezisema, na mwandike pembeni zile mnazozisikia kila siku.